Vidonge vya Dada Kutoka Migori

Mpendwa mshauri, naomba uniwazie jambo hili maana limeninyima amani. Naitwa Wegesa, wa Kamunyonge, nauza samaki hapa Musoma, nina presha, na dada yangu Dafroza aliyeolewa Migori, Kenya, naye anayo na tunatumia dawa ileile, ila yeye bima ya kazini kwa mume wake inalipia sehemu kubwa anaongezea kidogo tu, wakati mimi sina bima na duka la dawa nilikuwaga naingia natoka mikono mitupu, ndipo dada akaniambia, "Mdogo wangu, tutagawana hizi zangu," akawa anamkabidhi mama mmoja anayevuka mpaka wa Sirari na mitumba, nikapokea nikidhani anapewa za ziada, kumbe anapunguza zake, leo anameza kesho anaruka. Juzi kaanguka kanisani. Shemeji Benson kanipigia analia, anasema daktari haelewi kwa nini dawa haifanyi kazi na anataka kumwongezea dozi. Dada mwenyewe kaniambia, "Ukisema, Benson atanikasirikia na wewe utakosa dawa. Nyamaza." Nikinyamaza naogopa atadhurika, nikisema nitakuwa nimemsaliti, na kusema kweli najiogopea na mimi, nina watoto. Nifanyeje?

Wegesa, Kamunyonge

Wegesa, barua yako sikuiacha isubiri gazeti. Uliandika namba ya simu, nikakupigia, na yaliyofuata umeniruhusu niwaeleze wasomaji.

Nilikuuliza kama daktari ameshaambiwa. Ukasema bado. Nikakugombeza, wala sijutii. Daktari anayedhani mgonjwa anameza kila siku ataongeza dozi, na siku dada yako akiimeza yote, presha inaweza kushuka mpaka aanguke tena. Kumpenda unampenda, lakini ukimya wako ulikuwa unamweka hatarini. Ulikata simu ukampigia Benson.

Jioni ukanirudia. Shemeji hakufoka. Alisema, "Mngeniambia tu, tungetafuta njia." Akaenda kwa daktari siku hiyohiyo, na dozi haikuongezwa. Dada yako alipopewa simu hakulaumu, aliuliza tu, "Sasa wewe utakunywa nini?"

Hilo swali ukaniletea mimi. Haya, sikiliza. Usipokee tena vidonge vyake hata akilia. Na usiache dawa ghafla kwa kujiadhibu, maana hapo tutazika mtu. Kesho samaki wasubiri, nenda hospitali, mwambie daktari ulivyokuwa unapata dawa na ulivyozimeza. Muulize kama ipo nyingine ya bei nafuu inayokufaa, usijibadilishie mwenyewe dukani. Kisha pita ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, ueleze kipato chako bila kuona haya, uulize msaada uliopo na namna ya kujiunga na bima. Benson akitaka kukuchangia, achangie dawa zilizoandikwa jina lako, nawe upokee.

Dafroza alikuwa tayari kuumia ili wewe uishi. Sasa ishi bila yeye kuumia.