Chubwi Yuko Nyumba ya Nne

Chumba cha Kufulia,
Nyumba ya Nne, Njia ya Mto.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mikono yangu hii iliyokunjamana kwa sabuni. Goti lako linasemaje? Lile la kushoto, linalojua mvua kabla ya redio. Na Baba Mdogo kikohozi kimemwacha, au bado anakificha ukiingia chumbani? Nakuomba usikae sana kwenye cherehani, maana nakujua, ukishaanza shati la mtu husimami mpaka vifungo. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, meno yote yapo.

Utaona anwani imebadilika. Usishtuke, nitakueleza taratibu. Na mwandiko unisamehe, naandikia juu ya meza ya kupigia pasi, nayo ina mguu mmoja mfupi.

Kwanza nikueleze njia yenyewe, maana hujawahi kuiona. Nyumba za wageni ziko tano, zimefuatana kando ya mto kutoka juu kwenda chini, na zote ni za wakwe zangu. Mgeni analala nyumba ya kwanza, asubuhi anapanda baiskeli, anateremka polepole na maji, jioni analala nyumba ya pili. Hivyo hivyo mpaka ya tano, ambako baiskeli zinapakiwa kwenye lori kurudishwa juu, na yeye anapanda basi kwenda kwao. Kilima hakuna. Bibi kizee anaendesha huku anakula biskuti. Mizigo hawabebi, inatangulia na gari la shemeji, kila begi limefungwa utepe wa rangi ya nyumba linakokwenda. Halafu jioni uwasikie wanavyolalamika kuchoka. Wanatembea kama bata, na mimi ndiye ninayefua zile kaptula zao zenye godoro makalioni.

Nyumba ya kwanza, nilikokuwa mimi na mume wangu, anaisimamia mama mkwe. Wafanyakazi wanamwita Bi Kengele kwa sababu ana kengele ya baiskeli mfukoni, akikutaka hakuiti, anailiza. Ikilia mara moja ni wewe, mara mbili ni wewe na ndoo. Mume wangu ni fundi wa baiskeli hapo hapo. Mimi nilikuwa mashuka, na asubuhi kufunga tepe kwenye mabegi.

Sasa mjukuu wako. Tulimpa jina la Chubwi kwa sababu kila anachoshika anakitupa mtoni asikie kinavyolia. Amekwishatupa kijiko, kiatu chake, na spana ya baba yake. Ile sweta uliyomfumia ilipona kwa bahati tu, ilikwama kwenye majani.

Msimu ulipoanza, mgeni mmoja akasema kuna mtoto analia alfajiri. Bi Kengele akanilizia kengele. Akasema, "Watu wamekuja kusikia mto, hawakuja kusikia mwanao." Akaamua Chubwi aende nyumba ya pili kwa wifi mkubwa, mpaka wageni wapungue. Wakampandisha kwenye gari, katikati ya mabegi, wakamfunga utepe mwekundu mkononi, eti asije akashushwa pengine. Wakacheka wote. Chubwi naye alicheka, alidhani ni zawadi.

Nilikuwa bado namnyonyesha, Mama Mdogo. Siku zile maziwa yalikuwa yanajitokea yenyewe, yananidondokea kwenye mashuka safi. Bi Kengele aliyaona, akanirudishia rundo zima nifue upya. Akawaambia wenzangu, "Mwangalieni ng'ombe wetu." Nao wakaogopa kutocheka.

Siku zangu za mapumziko nikawa nateremka na baiskeli kumwona. Kwenda ni raha, unasukumwa na upepo. Kurudi ndiyo shughuli, upepo wote uko kifuani. Lakini nilikuwa nakwenda. Nilimpata kila mara kwenye ngazi za nyuma, ananisubiri na kitu mkononi cha kutupa.

Halafu asubuhi moja Bi Kengele akaniletea begi dogo la bluu katikati ya mabegi ya wageni. Akasema, hili fungia la manjano. Manjano ni nyumba ya nne. Nikalifunga, tena mafundo mawili, maana fundo moja hulegea njiani.

Siku yangu ya kupumzika ilipofika nikateremka nyumba ya pili. Kwenye ngazi hayupo. Nikamkuta wifi mkubwa jikoni anafuta glasi.

Akaniuliza, "Unamtafuta nani?"

Nikasema, "Nani mwingine, wifi? Chubwi."

"Chubwi yuko kwa mdogo wangu, nyumba ya nne. Juzi amekwenda na gari."

Nikamwuliza mbona sikuambiwa. Akainua glasi kwenye mwanga akaitazama kwanza. "Uambiwe mara ngapi? Nguo zake si wewe uliyezifungia utepe? Dereva anasema ulikaza mafundo mawili. Tukajua mama mtu ameridhia."

Lile begi la bluu, Mama Mdogo. Zilikuwa ni nguo za mwanangu zilizobaki chumbani kwetu. Bi Kengele alizikusanya nikiwa kwenye beseni, akanipa nizisafirishe kwa mikono yangu. Na ile hadithi ya mafundo mawili imekwishateremka njia nzima. Mpaka anayepika nyumba ya tano anaijua.

Nikarudi na upepo ule kifuani, nikamwuliza Bi Kengele. Hakukasirika. Aliongea kwa upole kama anayenielekeza dukani. "Mwenzio tumbo limemkatalia mwaka wa saba huu. Wewe unazaa kama unapiga chafya. Utapata mwingine, huyu mwachie wifi yako. Na baba yake amekubali."

Nikamtazama baba yake. Alikuwa amegeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu ambalo halikuwa na ubovu wowote.

Usiku huo nikaamua kumfuata mwanangu. Alfajiri nilipotoka nilikuta baiskeli yangu imejazwa upepo na mnyororo umetiwa mafuta. Yeye yuko mlangoni pa karakana. Akasema, "Ukiulizwa, si mimi niliyekujazia." Ndiyo msaada alionipa, nami sikutaka kuudharau, nikamshukuru.

Nikateremka bila ruhusa ya mtu. Njiani nikapatana na wageni wawili, mzee na mkewe, wakaenda na mimi karibu mchana mzima. Watu wema. Walinipa maji, wakanionyesha ndege mweupe amesimama kwenye mchanga. Yule mama akaniambia, "Una bahati sana kuishi huku. Njia hii inatuliza moyo." Nikamwambia ndiyo, mama, inatuliza. Ningemwambia nini? Nikaendelea kukanyaga pedeli.

Nililala banda la baiskeli nyumba ya tatu, mke wa shemeji alijifanya hakuniona. Siku ya pili mchana nikafika hapa.

Chubwi alikuwa uani. Alinijua. Sikudanganyi, alinijua kabla sijashuka, akaja mbio mpaka akaanguka, akainuka, akaja tena. Nilipomnyanyua nikamwona wifi mdogo dirishani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu. Nilimwonea huruma, nakiri, kwa muda mfupi.

Akatoka akanikaribisha vizuri. Akaniwekea kiti, akanipa chai. Halafu akasema, "Wifi, mfuaji wangu ameacha kazi. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini nyumba hii mama ni mmoja. Mtoto mwenye mama wawili anachanganyikiwa. Wewe atakuita Dada."

Nikauliza, "Na nikikataa?"

"Nyumba ya tano ipo. Na baada ya nyumba ya tano kuna basi."

Chai ilikuwa ya moto, na Chubwi alikuwa amelala begani kwangu. Nikasema sawa.

Ndiyo maana niko hapa tangu mwezi wa saba, na wewe nilikuwa sikuandikii, nilikuwa natafuta pa kuanzia. Usifikiri ni huzuni tupu. Ninamwogesha mimi. Nguo zake nafua mimi. Ameota magego, anapenda kushikwa sikio akisinzia, hilo wifi halijui, sijamwambia. Anasema "maji", anasema "twende", anasema "bado" akiulizwa kama ameshiba. Ana akili huyu mtoto, utaona. Akinipita anaita "Dada" kama wanavyomfundisha, na wageni wanamsifu wifi kwa malezi.

Bi Kengele alikuja kukagua juzi. Mbele ya mpishi na wageni waliokuwa wanakunywa chai aliniuliza, kwani kwenu ni wapi, mbona hata paka hajawahi kuja kukuulizia? "Mtu mwenye kwao hutembelewa," akasema. Wageni hawakuelewa lugha, wakatabasamu. Nikatabasamu na mimi, nina sinia mkononi.

Sasa lenyewe ni hili. Msimu unakwisha mwisho wa mwezi ujao. Nyumba zinafungwa, na wifi na mumewe wanahamia mjini moja kwa moja, na Chubwi wao. Nilimwuliza na mimi je, nitakwenda nao? Akanijibu bila ubaya wowote, anakunja taulo, "Huko tuna mashine."

Nilifikiria kumbeba tu nishuke naye mpaka kwenye basi. Lakini analala chumbani kwao na mlango unafungwa kwa ufunguo, na mchana njia nzima ni macho yao. Simu inapigwa nyumba kwa nyumba kabla hujamaliza kona. Na baba wa mtoto amekubali, basi nikisimama peke yangu ni mfuaji aliyeiba mtoto wa mwajiri. Nikisimama na ninyi ni kitu kingine.

Kwa hiyo nakuomba uje, Mama Mdogo. Uje na Mjomba, avae lile koti lake la harusi, asije na nguo za kuchomelea vyuma. Msije kwa juu, kwa Bi Kengele, mtazungushwa na chai mpaka mchoke. Pandeni basi la chini, mshukie nyumba ya tano, halafu mpande kwa miguu kufuata mto. Goti lako najua, lakini ni tambarare, naapa, na kuna mabenchi ya wageni mtapumzika. Hakuna mtu anayekuja kutoka upande huo, kwa hiyo hakuna atakayewapigia wao simu kuwaonya.

Mkifika msigombe. Mjomba umzuie. Kaeni, ombeni maji ya kunywa, kisha mseme tumekuja kumwona mtoto wetu na mama yake. Mkitamka "mama yake" mnitazame mimi, wote wawili, hata kama nimeinama kwenye beseni. Mengine yataanzia hapo. Mjomba anajua kuongea na wakubwa, na serikali ya mtaa ipo, mpishi amenionyesha ofisi, ina bendera. Mpishi huyo amesema akiulizwa atasema alichokiona. Naona milango bado ipo, Mama Mdogo. Sijakata tamaa hata kidogo.

Nisalimie Baba Mdogo. Nisalimie Bibi, mwambie nakula vizuri na usimwambie mengine. Binamu yule Mapengo mwambie atunze baiskeli yangu ya zamani, Chubwi atakuja kuipanda. Nisalimie jirani mshona viatu na mkewe, na mtoto wao kama ameshazaliwa.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini kuna jambo la jana, acha nikuandikie na hilo.

Nilikuwa namwogesha. Povu lilimwingia machoni, akanishika shingo kwa mikono yote miwili akasema, "Mama." Hakukosea, alikuwa ananitazama mimi. Na wifi alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Nilijua nikiitikia, kesho nitafungiwa virago vyangu. Basi nikamfuta povu, nikamwambia, "Mama yuko pale, mlangoni. Mimi ni Dada." Akanitazama. Akamtazama wifi. Halafu akasema polepole, kama mtu anayeshika somo, "Dada." Wifi akampigia makofi.

Njoo, Mama Mdogo. Njoo kabla hajakoma kuniita Mama.

Mungu alinde goti lako na safari yako, na akuweke hai mpaka nikushike mikono.

Mwanao akupendaye na anayekutazamia kwa upande wa chini wa mto,

Mama Chubwi