Mama Ameacha Kutazama Mlango

Kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama alitulea kwamba salamu hanyimwi mtu hata kama umemkasirikia. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Hapa cherehani inazunguka, wateja wanagombana nami kama kawaida, na mwili hauna homa. Ila roho inachemka, kaka, na sikufichi: aliyeichemsha ni wewe.

Jana mtafiti wa ile kliniki ya muziki alinipigia simu nikiwa katikati ya kukata sketi za shule. Aliniambia, kwa upole wa mtu anayeogopa kutukanwa, kuwa umewataka wamtoe mama kwenye utafiti, na kwa vile sahihi ya ruhusa ni yako wewe mzaliwa wa kwanza, wiki hii mama hana kipindi. Eti umeona video akipiga ngoma, kitambaa cha kichwa kimemdondoka, ukasema tunamdhalilisha mbele za watu. Loh! Yaani kitambaa ndicho kilichokuuma?

Ngoja nikueleze unachokivunja. Kazi ya mtafiti ni kuangalia jinsi wagonjwa wa kusahau wanavyobadilika kadiri wanavyoendelea kuimba na kupiga ala. Kila kipindi kinarekodiwa, kisha ananiita tutazame cha zamani na kipya kwa pamoja, maana mimi ndiye ninayemjua mama. Mwanzoni mama alitupa kayamba ukutani na kumwita mwalimu wa muziki mwizi. Baadaye kidole kimoja kikaanza kugonga paja. Halafu mguu. Siku moja akamkatiza mwalimu katikati ya wimbo, akamwambia ameanza juu mno, anataka kuwapasua watu koo. Tulicheka mpaka mtafiti akasahau kuandika. Na nyumbani siku hizi anakubali kuogeshwa bila kunizaba makofi, na chakula anakula kwa mkono wake mwenyewe. Wewe ulikuwa wapi nilipokuwa nazabwa makofi? Ulikuwa unatuma ushauri kwa simu.

Sasa kuna jambo nililokuwa nimeamua kukuficha nisikuumize. Leo huruma hiyo sina.

Kwenye video zote za mwanzo, kila wimbo ukiisha, mama anageuza shingo na kutazama mlango. Mtafiti aliniuliza anatafuta nini. Nikamjibu kwamba anamngoja mwanawe mkubwa. Ulimwahidi utakuja, kaka, na mama aliyesahau hata jina langu hakuisahau ahadi yako. Kisha, taratibu, akaacha kugeuka. Mtafiti alifurahi, akasema wasiwasi umepungua sana. Mimi nilidhani amekusahau na wewe, na Mungu anisamehe, niliona unastahili.

Kumbe hakukusahau. Majuzi nilimsikia akimsihi mwalimu wa muziki avae sweta, kwa kuwa kifua kinamsumbua tangu utotoni. Mwenye kifua hicho ni wewe. Akamwita kwa lile jina la utani tulilokuwa tukikuitia nyumbani. Mwalimu alipojaribu kumwambia kwa upole kwamba yeye si wewe, mama alilia mpaka kipindi kikavunjika. Tangu siku hiyo mwalimu akiitwa hivyo, anaitika. Kwa mama, wewe umesharudi, kaka. Unakaa kwenye kinanda na unamwimbia. Ndiyo maana mlango hautazami tena.

Na wewe, kwa simu moja, umemnyang'anya mwanawe!

Asubuhi hii ameamka mapema, akavaa viatu mwenyewe, akaniuliza mbona hatuendi. Nimemdanganya kwamba kuna mvua, na jua linawaka dirishani, analiona. Sijawahi kukuchukia kama nilivyokuchukia dakika ile. Basi chagua. Wapigie waendelee, au funga safari uje ukae mwenyewe kwenye kile kiti cha mwalimu. Hilo la pili silitegemei, nimechoka kulitegemea.

Msalimie wifi, na wanao uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao. Ningekuletea na salamu za mama, lakini nilipomwambia nakuandikia wewe alinishangaa sana. Ameuliza barua ya nini, wakati tutakuona kliniki.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira nawe,
Fundi wa cherehani