Miguu ya Dani

Kisian, Alhamisi. Mawingu yametanda tangu asubuhi, na mvua haijaamua inyeshe au iende zake.

Shajara, nina wasiwasi. Jumamosi ni ibada ya kumkumbuka Dani, nyanya yangu aliyenilea, kule nyumbani karibu na Pap Onditi. Nimemsuka kwa mabua makavu ya gugu maji na kamba za katani, ukubwa wake halisi, ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Wateja wanaoingia hapa kibandani kuulizia vikapu humsalimia kwanza, halafu hujicheka.

Mimi sicheki.

Wiki iliyopita nilimpigia Baba Mdogo, mwanawe Dani, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, nikamweleza. Akaniuliza, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo:

"Nyathina, Mama tulishazika. Sasa ukileta yeye tena, tutazika mara ya pili?"

Tangu hapo simu ikilia nashtuka. Kwetu marehemu huletwa nyumbani mara moja, na kitu chenye shingo na mabega si kikapu. Je, wakinizuia langoni mbele ya kina mama wa kanisa? Na nikimwacha hapa, niende mikono mitupu, mimi niliyefundishwa kusuka na yeye?

Kuna hofu nyingine sijamwambia mtu. Uso nimeuacha bila macho kwa sababu kila nikijaribu, anatokea mwanamke mwingine. Dani ananitoka kichwani.

Leo nimejikaza, nikamtumia Baba Mdogo picha. Nikalaza simu kifudifudi na kuanza kufagia kibanda nilichokuwa nimeshafagia.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti. Nililisikiliza nikiwa mlangoni, tayari kukimbia.

"Sasa hii ni nini? Mama alikalia kiti lini? Huyu alikuwa anakaa chini kwa mkeka, miguu amenyoosha, ya kushoto juu ya ile ingine, sababu ya goti. Shusha yeye chini. Na Jumamosi gari ipitie lango kubwa, umesikia?"

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Ni kweli kabisa. Miguu hiyo ndiyo niliyoilalia utotoni nikisukwa nywele, na nikaisahau. Nilimweka kwenye kigoda kwa sababu sanamu zote nilizoona kwenye hoteli za mjini zimekaa hivyo, kiheshima.

Furaha haikudumu. Mabua yakishasukwa yakakauka hayakunjwi upya, hukatika. Nimefungua magoti na kuyafunga vitambaa vya maji yalainike, na goti la kulia limekatika mikononi mwangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimelisikia la mkuu, guu likavunjika vilevile! Halafu mabua yakisukwa yakiwa na maji yasipokauka, huota ukungu, na hewa ya ziwa leo imelowa kama taulo.

Sijui kama nitamaliza.

Lakini kesho ni ya miguu tu. Jua litoke au lisitoke, Jumamosi Dani ataingia kwa lango kubwa, hata kama magoti bado ni mabichi. Nitamweka chini kwenye mkeka.

Macho sitamwekea kwa kukisia. Nitamuuliza Baba Mdogo yalikuwaje, na safari hii nitasikiliza nikiwa nimekaa.