Tofali la Bibi katika kanisa la Murangi

Jumamosi jioni, Musoma. Mvua ya asubuhi imeacha barabara tope tupu, na mimi nina chokaa hadi ndani ya masikio. Sijaoga. Naandika kwanza, maana nikioga tu nitalala.

Nimeliona tofali la Bibi!

Mnaonisoma hapa mnaujua ugonjwa wangu wa makanisa ya zamani. Nimezunguka Butiama, nimefika Kibara na Mugeta, napiga picha madirisha na kengele za rimu za magari. Ila kanisa la Murangi, alikobatiziwa Bibi, nimekuwa nikiliahirisha miaka na miaka. Leo sikuwa na ujanja, Jumatatu linabomolewa. Jipya linajengwa pembeni yake, na matofali ya zamani yatavunjwavunjwa yajaze msingi.

Bibi yuko Bunda kwa mama, macho yake hayaoni tena. Alikuwaga anatusimulia kwamba wakati wa ujenzi kila mtoto wa mafundisho alifyatua tofali lake, akaligandamiza kiganja likiwa bado bichi, na lilipochomwa akalibeba kichwani mpaka kanisani. Kidole chake cha mwisho kimepinda tangu azaliwe. Changu pia. Nikajua nitalitambua tu.

Saa mbili nzima nimekwangua chokaa upande wanakokaa wanawake, nimesimama juu ya benchi, jasho linanitoka. Alama za viganja niliziona, ya Bibi hakuna. Kusema kweli nilikaribia kulia. Mama Neema, anayefagia hilo kanisa, aliniangalia weee, mwisho akauliza natafuta nini; nilipomweleza habari za Bibi na miaka yake saba, akacheka.

"We dada, mtoto wa miaka saba angefikaje huko juu? Ya watoto tuliambiwaga yako chini, nyuma ya madhabahu. Waliyapanga wenyewe."

Mjinga mimi! Nikapiga magoti, nikakwangua upya. Mstari wa pili kutoka sakafuni, karibu na kona: kiganja kidogo, kidole cha mwisho kimepinda. Nikaweka changu juu yake na kikakifunika chote. Nikapiga kigelegele humo ndani peke yangu, Mama Neema akakidaka.

Mzee wa kanisa, baba mpole sana, akaniruhusu nilichukue, akasema fundi atalichomoa zima kabla ya kubomoa. Nilishalipangia mahali sebuleni, kando ya televisheni. Nikampigia Bibi pale pale, napayuka kwamba namletea tofali lake.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nililibeba kumpelekea Mungu. Wewe unamnyang'anya umpelekee nani?"

Hata sasa aibu ninayo.

Halafu akauliza kama kwenye huo msingi mpya bado kuna nafasi. Nikamuuliza mzee wa kanisa, akasema ipo, tena tofali zima litawekwa vizuri kuliko vipande.

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri naenda Bunda kumchukua. Fundi atalichomoa, na Bibi atalibeba mwenyewe mpaka kwenye msingi. Kichwani, amesema, kama zamani. Nimembishia, lakini nani amewahi kumshinda Bibi? Nikamwambia basi angalau nimsaidie kulibeba.

Amekataa. Amesema nimshike mkono tu, nimwonyeshe njia.