Hajja Amepona Macho, Nami Nimeumbuka

Jeddah, Ijumaa. Joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na mimi nina aibu tangu alasiri.

Nianze na kosa langu. Hajja, mama mzazi wa bosi, alinikuta siku moja napiga pasi huku naimba wimbo wa sinema ya Kihindi. Akauliza kama Kihindi nakijua. Nikajibu, "Aiwa, Hajja." Mtu wa Tanga, nimekulia kwenye sinema hizo, ningesemaje sikijui? Kwetu hakuna aliyekijua, na hakuna aliyetoka ukumbini akashindwa kusimulia picha nzima, na machozi juu.

Hajja alikuwa na mtoto wa jicho. Maandishi ya Kiarabu yanayopita chini ya picha hakuyaona. Mimi nayaona, ila yananikimbia kabla sijayasoma. Basi miaka miwili, kila alasiri, nimekuwa namfasiria. Tuseme namtungia: natazama nyuso, nasema kinachonijia.

Ndiyo saa pekee ninayokaa chini katika nyumba hii ya mtaa wa Al-Safa.

Picha anayoipenda kuliko zote ni ya binti fundi cherehani anayempenda nyota wa sinema. Kabandika picha zake ukuta mzima, anamwandikia barua, anamwimbia peke yake. (Nyota huyo hata mimi nampenda, bibi wa wajukuu wawili, magoti yanalia kama bawaba. Usimwambie mtu.) Mwishoni nyota anakuja dukani na kitambaa chekundu, binti analia, mara wanacheza mlimani. Nikamwambia Hajja: anamposa, kitambaa ni cha harusi. Hajja alilia mpaka madamu, mke wa bosi, akaja kuuliza nimemfanya nini mama wa watu.

Mwezi uliopita alipelekwa Riyadh, kwa mwanawe mwingine anayefanya kazi mtaa wa Olaya, akapasuliwa macho. Karudi Jumatano. Tangu hapo anaona vumbi ambalo hata mimi sikujua lipo.

Na leo picha ile ikaonyeshwa tena.

Nilijifanya nina nguo za kukunja. Akapiga zulia kwa kiganja: njoo. Nikakaa kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Hakuniuliza neno. Midomo yake ilikuwa inacheza, anasoma. Kikafika kile kitambaa.

"Zaina," akasema, "anamwambia amshonee mchumba wake."

Nikajifanya nanyoosha upindo wa zulia.

"Na huko mlimani?"

"Nadhani anaota, Hajja."

"Wewe Kihindi unakijua?"

"Nyimbo tu."

"Miaka miwili!" Akanipiga kwa mto. "Miaka miwili unaniozeshea watu ambao hawajaoana!"

Nikainuka. Nilishaziona alasiri zangu zote zilizobaki kwenye mkataba, nimesimama.

"Unakwenda wapi? Nani kakwambia halas? Yalla, kaa! Leo nakusomea mimi."

Akasoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu wa chuoni, maandishi mengine yakimponyoka. Wimbo ulipokwisha nikasikia kwa mara ya kwanza yule binti alimjibu nini nyota wake. Alimwambia nguo itakuwa tayari Alhamisi.

Basi. Alhamisi!

Niliudhika, nisikudanganye. Yangu ilikuwa nzuri zaidi.

Nyota akaondoka kuelekea kwenye gari lake. Akageuka mara moja, akamtazama binti. Hajja akakohoa kidogo.

"Anasema," akasoma, "laiti ningekujua mapema."

Nikatazama. Nyota hakuwa amefungua mdomo, na chini ya picha hapakuwa na hata herufi moja.

Nikajisogeza karibu na goti lake.

"Na binti anamjibu nini, Hajja?"

Alifikiri kidogo kabla ya kusoma.