Chupa Zenye Mstari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini hujambo huko uliko. Kuku uliyetuachia ametotoa vifaranga, na mimi nimefaulu kemia.

Baba yuko hospitalini. Kiwandani anakofanya kazi na mama wanachemsha chupa za plastiki kwa dawa mpaka zigeuke unga mweupe, unaouzwa ghali kutengenezea nyuzi za nguo mpya. Mama huchambua chupa hizo. Yenye nukta kwenye kitako ni nzuri. Yenye mstari ni plastiki nyingine, na ikichemshwa hutoa mvuke unaounguza mapafu. Safari hii za mstari zilipita, na baba ndiye aliyefungua pipa la kuchemshia.

Macho ya mama yamefifia tangu mwaka jana. Alinikataza kumwambia baba, asije akamwachisha kazi.

Jana baba alinivuta karibu. "Nilijua zamani kwamba mama yako haoni," alisema. "Nilikuwa naipekua mifuko yake kabla ya kumwaga. Siku ile nyapara alinikimbiza, nikamwaga bila kupekua. Mwambie mfuko ulikuwa wa meza nyingine. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba."

Nilimwambia mama hivyo hivyo. Akasema, "Baba yako hajui kudanganya, nawe umemrithi," kisha akageukia ukutani.

Daktari hana matumaini. Baba huinua kichwa kila mlango unapofunguliwa, lakini mama anaogopa kwenda. Mimi hanisikilizi, Mama Mkubwa. Wewe ni dada yake. Njoo umshike mkono, umfikishe kitandani kwa baba akiwa bado anaweza kusema.

Mwanao anayekungoja,
Kitinda mimba