Kreti la Bia Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakuomba unisome kabla hujamaliza chai yako maana jambo langu halingojei. Mimi ni fundi friji, mke wangu yuko karibu kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na tatizo langu ni bia, lakini si ulevi, usianze kuninunia, mimi bia naipika mwenyewe nyumbani siku za mapumziko, nachemsha kimea, natia hamira, naiacha ichachuke kwenye ndoo mpaka itulie, ndipo natia sukari kidogo tu ya kuleta gesi, kisha nafunga chupa.

Sasa baba mkwe wangu ni dereva wa treni mstaafu, mtu wa maneno machache na bia moja kila jioni, na tangu nimwoe binti yake alikuwa hajawahi kunichekea, ananiita "wewe kijana" mbele ya watu, basi siku yake ya kuzaliwa nikampelekea kreti zima la bia ya mkono wangu, kila chupa nimeibandika jina lake, na mshauri, mzee alicheka! Akanishika bega akasema, "Mwanangu, hii haiguswi na mtu mpaka mjukuu wangu azaliwe," akalisukuma kreti chini ya kitanda chake mashemeji zangu wasilione. Lile "mwanangu" lilinifanya nitembee kifua mbele wiki nzima.

Juzi chupa niliyojibakizia ikapasuka kabatini, mlango ukang'oka, mke wangu akapiga kelele nikadhani uchungu umeanza, na tulipokuwa tunafagia vipande ndipo akaniuliza, "Kwani sukari na wewe uliitia?" Kumbe siku ya kufunga chupa, nilipotoka kupokea simu ya mteja, alidhani nimesahau, kama kawaida yangu, akaitia yeye, nami nilikuwa nimeshaitia. Kwa hiyo mzee analalia mabomu. Nikimwambia, zawadi imeharibika na narudi kuwa "wewe kijana". Nikinyamaza, usingizi hauji, simu ya ukweni ikilia jasho linanitoka. Mke wangu anasema sema, mimi nasema kesho. Nifanyeje?

Mkwe Mwoga

Mkwe Mwoga, pole. Kutafuta kupendwa ukweni ni kazi, na wewe umeifanya kwa jasho lako. Pole imeisha, sasa nikugombeze. Mzee wa watu analalia chupa zinazopasuka, nawe unaandikia gazeti linalotoka mara moja kwa wiki! Ulitaka nikujibu matangani? Bahati yako barua uliiacha kwa mlinzi wetu na namba ya simu juu yake. Nilikupigia palepale, chai yangu ikapoa, nikakuamuru umpigie mzee kabla hata hujaniaga. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, wewe ukataka kuhakikisha.

Jioni ukanipigia kutoka ukweni, na kabla hujafungua mdomo nikasikia watu wanacheka nyuma yako. Nilikaa chini kwa furaha, sikufichi. Kumbe chupa moja ilikuwa imeshapasuka huko kitambo, chumba kikiwa kitupu. Mzee akadhani ni yeye aliyelisukuma kreti vibaya kwa mguu, akaogopa kwamba zilizobaki nazo zitapasuka. Akamhamishia mama mkwe wako chumba cha wageni, yeye akahamia kwenye kochi, akisingizia mgongo. Ulipompa simu, nilimuuliza mwenyewe kwa nini hakusema. "Mama," akaniambia, "kijana wangu alihangaika kunipikia. Ningemwambiaje zawadi yake inanitisha?"

Umesikia? Kijana wake. Mlikuwa mnaogopana bure, huku kitanda kizuri kikilala peke yake.

Nafurahi kwamba mmeshazimwaga zote na hakuna aliyekwaruzwa. Ila nayarudia hapa niliyokuambia, kwa ajili ya wapika bia wengine wenye haraka. Kreti lisiburutwe wala kutikiswa. Chupa ziingie kwenye friji, na fundi friji hana udhuru wa kukosa friji, mpaka ziwe baridi kabisa. Vaa glavu nene na miwani ya kazi tangu mwanzo, ifunike kila chupa kwa blanketi, ifungulie nje, umwage. Usionje kwa tamaa. Mjamzito akae mbali. Na kuanzia leo kijiko cha sukari kishikwe na mtu mmoja, na mtu huyo awe mkeo, maana kati yenu ndiye mwenye kumbukumbu.

Mtoto akizaliwa, pika upya. Zawadi ya mpenda bia si chupa ya kufichwa, ni mtu wa kukaa naye akinywa, kwa hiyo peleka chupa mbili tu, ulizozijaribu, moja yake na moja yako, mzinywe siku hiyohiyo mkiwa mmekaa pamoja. Wala usiogope tena simu ya ukweni. Mzee amenituma nikuambie kwamba mgongo umepona.